Blanketi la Sista

Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Kimya. Kisha maji kidogo yanamwagwa juu ya jiwe, halafu tena, kwaruu.

Hivyo ndivyo baba mdogo alivyonoa panga lake. Jiwe lilikuwa mlangoni pake, chini kidogo ya kwetu, pale migomba yetu ilipokutana na pareto yake. Hata leo nikisikia mtu akiburuta kiti cha chuma juu ya saruji, shingo yangu hujificha ndani ya mabega kama ya kobe. Wanaume wote wa upande wetu wa Marani walinoa panga, lakini walinoa asubuhi, kabla ya kwenda kufyeka. Baba mdogo alinoa wakati wowote alipokasirika, hata siku ya Sabato watu wakitoka kanisani, na alinoa polepole ili sote tusikie. Kwanza ilikuja sauti ya jiwe. Halafu ilikuja sauti ya mke wake, ambaye nilimwita mama mdogo, akiomba msamaha wa kosa ambalo hata yeye hakulijua. Hakumkata. Alimpiga kwa ubapa, mgongoni na mabegani, na kesho yake mama mdogo alipotoka mtoni aliubeba mtungi mkononi badala ya kujitwika, na wanawake wenzake wakajifanya hawaoni.

Mimi nilikuwa msichana wa kuchekacheka. Sijui kicheko hicho nilikitoa wapi, maana nyumbani hapakuwa na cha kuchekesha. Nilikuwa na ndoto nyingi mno kwa mtu asiye na viatu. Nikipalilia wimbi nilikuwa mwalimu, nikipalilia mahindi nilikuwa rubani wa ndege, na migomba ilikuwa wanafunzi wangu, kila mmoja na utundu wake.

"Wewe utaolewa na mawingu," mama aliniambia.

"Mawingu yana ng'ombe wangapi, mama?"

"Palilia."

Baba alikuwa amekufa zamani, kwenye kazi ya chai kule Kericho. Baada ya matanga wazee walimwambia mama achague mwanaume wa ukoo wa kumkalia nyumba, kama ilivyo desturi yetu, na baba mdogo alikuwa ameshanyoa ndevu akingoja kutajwa. Mama akasema hachagui mtu. Hilo baba mdogo hakulisahau, na hakusahau pia kwamba kaka yake aliacha binti mmoja tu, na binti kwetu ni ng'ombe wanaosubiri kuja. Aliponitazama nilijua anahesabu pembe.

Tulikuwa maskini wa kuomba chumvi. Wimbi likiisha tulikula ndizi mbichi za kuchemsha asubuhi na jioni. Nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada mara nyingi hata nikawa mkubwa kuliko darasa zima, magoti yakigonga dawati. Mwalimu alinichapa kwa kuchelewa, akanichapa kwa kukosa kalamu, na siku moja alinichapa kwa kutabasamu wakati wa hesabu. Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru, na sisi wadogo tuliambiwa kwamba sasa kila mtu atakula matunda yake. Mimi nilidhani ni ndizi.

Ndizi mbivu mama alizibeba kichwani mpaka Kisii mjini. Tuliondoka giza, tukashuka na kupanda, tukashuka na kupanda, na jua lilitukuta tukiukaribia mlima wa Nyanchwa. Hapo Nyanchwa aliishi mteja wetu mmoja, muuguzi, mama mtu mzima wa kabila la huko ziwani. Watu wote walimwita Sista kwa sababu ya kazi yake. Mume wake alikuwa amekufa, na mtoto hakujaliwa. Alikuwa na nguo nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuimba, tofauti na chetu cha kugonga.

Siku moja alilipia ndizi zake, kisha akamwekea mama noti nyingine kiganjani, imekunjwa.

"Hii ni ya nini, Sista?"

"Ni yako."

"Nikulimie wapi?"

"Sina shamba hapa."

"Nikufulie?"

"Mikono ninayo."

"Basi wiki ijayo nitakuletea mkungu mzima."

"Ukileta nitaununua, kama siku zote. Mama, sikiliza. Nina mshahara, na nyumbani kwangu ninalisha paka tu. Kila mwisho wa mwezi pitia hapa. Nunua unachotaka. Usiniambie hata ni kitu gani."

Mama aliishika ile noti kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mtu. Tulianza safari ya kurudi. Tulipofika kwenye mteremko akasimama na kuniuliza, "Yule mwanamke ni mgonjwa?"

Mwezi uliofuata tulipita, na Sista akatoa tena. Safari hiyo mama alithubutu kumuuliza sababu. Sista alikaa juu ya ngazi ya nyumba yake, akavua viatu vyake vya kazi.

"Mama yangu alikuwa mjane kama wewe," alisema. "Alisaidiwa sana. Waliompa gauni walikuja Jumapili kuangalia kama amelivaa. Aliyempa mbuzi alikuja kuangalia kama amemchinja. Aliyempa unga alimpa na maneno juu yake, mengi kuliko unga. Amekufa hajawahi kuchagua hata kitambaa chake cha kichwa. Basi."

Kitu cha kwanza mama alichonunua hakikuwa ada yangu. Nasema hivi bila kinyongo. Alinunua nyama, pakiti nzima ya chumvi, na kioo kidogo chenye fremu nyekundu. Alijitazama humo kwa muda, akageuza shavu hili na lile, akasema, "Kumbe nimezeeka, lakini meno bado ni ya msichana." Tulicheka mpaka nyama ikaungua. Mwezi mwingine akalipa ada. Baadaye akaanza kununua mabati, moja moja, akaezeka jiko. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu nyama mtu huila ndani, lakini bati mvua ikinyesha hukiambia kijiji kizima.

"Pesa za kazi gani hizo?" wanawake walimuuliza kwenye kinu cha posho.

"Za bure."

Kinu kilikuwa kinanguruma lakini kicheko chao kilikishinda. "Bure! Hata baraka za kanisani si bure, kuna sahani inapita!"

Mmoja akauliza anayetoa ni nani. Mama akasema ukweli wote, kwamba ni mama wa ziwani, hana mtoto, na hadai kitu. Nilikuwa kando yake na debe la mahindi, nikaona nyuso zao zikibadilika, kicheko kikikatika. Walikuwa wameelewa. Walikuwa wameelewa vibaya, lakini kwa akili yetu sisi hakukuwa na njia nyingine ya kuelewa.

Kwetu, mwanamke mwenye mali asiye na mtoto aliweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana, kama mwanaume anavyooa, ili yule msichana azae watoto waitwe wa nyumba yake. Lilikuwa jambo la kawaida na la heshima. Basi hapa kuna mwanamke hana mtoto, ana mshahara, na kila mwezi anamlipa mjane mwenye binti mkubwa. Hiyo ingekuwa nini kama si mahari inayotolewa vipande vipande?

Jioni hiyo jiwe lililia. Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Mama mdogo hakulia, na tukashangaa. Kisha tukamwona baba mdogo anapanda kwetu, panga chini ya kwapa.

"Shemeji," alimwambia mama, "kumbe umemwoza msichana wetu, na unakula ng'ombe peke yako. Tena umemwoza ziwani!"

"Sijamwoza mtu. Ni pesa za bure."

Alimpiga kofi la uso, na kabla mama hajanyooka akampiga la pili. Aliingia ndani, akapindua kitanda, akararua godoro la majani ya migomba akitafuta. Alipokosa noti akakanyaga kioo. Mimi nilirusha kikombe kikampata sikioni. Alinishika nywele, akanigongesha kichwa ukutani, si kwa hasira nyingi, kama mtu anayekung'uta kiatu. "Wewe nyamaza," alisema, "wewe ni ng'ombe zangu."

Tulipomweleza Sista, uso wa mama ukiwa umevimba upande mmoja, alishika kichwa. Alisema atakuja mwenyewe azungumze na shemeji ya mama kwa adabu, aondoe fikira hiyo. Mama alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi. Niliota baba mdogo akiomba msamaha na Sista akimpa mkono kwa glavu nyeupe.

Alikuja Jumapili. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye adabu, hakuja mikono mitupu. Alileta sukari, na alimletea baba mdogo blanketi jekundu lenye mistari myeusi.

Ee Mungu. Mama alipoliona alifunika mdomo. Kwetu mtu hamletei mzee wa nyumba blanketi hivi hivi. Blanketi ni la baba wa msichana. Hutangulia, ng'ombe hufuata. Lakini blanketi lilikuwa limeshatoka kwenye karatasi, na baba mdogo alikuwa ameshalipokea kwa mikono miwili, amejifunika mabegani jua likiwaka. Sista akaeleza yote, kwamba hataki msichana, hataki shamba, anatoa tu. Baba mdogo aliitikia kila neno, "Ndiyo, Sista. Hakika, Sista," akitabasamu. Aliona mwanamke huyu anajua kuongea kwa mafumbo kama mkwe wa kweli. Siku ya blanketi mtu hataji ng'ombe.

Akangoja. Alitembea na blanketi lile mpaka soko la Marani, akawaambia wanywaji wenzake waanze kujenga zizi. Mwezi ukaisha, ng'ombe hawakuja. Ukaisha mwingine. Ndipo wenzake walipoanza.

"Wewe, mkwe wa ziwa! Ng'ombe zako zimeogelea zikachoka?"

"Ameuza binti kwa blanketi! Mwenzetu anasikia baridi sana!"

Asubuhi iliyofuata tuliamka tukakuta migomba yetu imelala. Yote. Mikungu michanga imepasuliwa, utomvu unatiririka chini, na baba mdogo amesimama katikati, blanketi mabegani, anahema. Wanafunzi wangu wote. Nilipiga magoti nikajaribu kuusimamisha mmoja, ukanivunjikia mikononi.

"Mtakula za bure sasa," alisema.

Siku chache baadaye alikwenda upande wa Nyamira, mpaka Magwagwa. Mama mdogo alikuja kutuambia akiwa amejificha nyuma ya kikapu cha pareto. Kuna mzee kule anatafuta mke wa tatu, alisema, na baba mdogo ameshapokea mtamba wa mahari. "Mtoroshe mtoto," alimwambia mama. "Anataka kuwahi kabla yule wa ziwani hajaleta zake."

Mama alisema tutaondoka kesho, tukakae kwa Sista. Kesho ilichelewa kwa mchana mmoja.

Tulikuwa tunapura maharagwe mbele ya jiko. Jiwe lilikuwa linalia tangu saa za chakula. Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Kisha lilinyamaza, na wanaume nisiowajua wakatokea kwenye pareto. Walikuwa vijana wa yule mzee wa Magwagwa. Hawakusalimia. Mmoja alinishika mkono, mwingine kiuno. Nilimng'ata wa kwanza mpaka nikasikia ladha ya chumvi na chuma, nikakimbilia jikoni, nikakumbatia nguzo. Wakanivuta miguu. Nilivutwa hivi nikakaza, wakavuta tena, na nguzo ikatoka ardhini pamoja nami, na mabati ya mama, mabati yale ya mwezi kwa mwezi, yakatuangukia kwa kishindo kama lori limepinduka. Moja lilimpasua kijana mmoja paji la uso. Mwingine mama alimpata gotini kwa mchi wa kupuria, na sauti ya goti lile nayo sijaisahau.

Baba mdogo akaja mbio. Aliinua panga, na mama akainua mkono.

Vidole vyake viwili vilianguka juu ya maharagwe. Mama hakupiga kelele. Aliviangalia kama mtu aliyedondosha kitu na anafikiri kama ainame kukiokota.

Aliyepiga kelele ni mama mdogo. Mwanamke yule, ambaye kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akizidi sauti ya kunong'ona mbele ya watu, alipanda pale akiita ukunga wa hatari, ule unaotoa watu mashambani. Aliita huku akimrukia mume wake na kuning'inia kwenye mkono wa panga. Baba mdogo alimtupa chini, mama mdogo akamrudia, akamning'inia tena. Mume akampiga kwa mgongo wa panga, na mkono wa mama mdogo ukakunjika mahali pasipo na kiungo. Hakunyamaza. Kilima kizima kilikuja na marungu na majembe.

Vijana wa Magwagwa walikimbia, mmoja akiruka kwa mguu mmoja. Baba mdogo hakuwahi. Walimpiga mpaka uso wake haukujulikana, na waliompiga sana ni wale wale waliomcheka sokoni. Mmoja alikuwa akiuliza kwa kila rungu, "Ng'ombe ziko wapi? Ng'ombe ziko wapi?" Nilikuwa nimemshikilia mama mkono, damu yake inaingia kwenye mkono wa gauni langu, na bado niliwapigia kelele wamwache. Sijui kwa nini. Alikuwa anafanana na baba. Askari wa chifu walipofika walimfunga kwa kamba ya ng'ombe wakaondoka naye.

Hospitalini, Sista ndiye aliyetufungulia mlango. Alipojua yote alikaa kwenye benchi na kulia waziwazi, nguo yake nyeupe ikikunjamana.

"Ni blanketi langu," alisema. "Ni pesa zangu zimekukata. Sitakuletea tena balaa, mama. Naacha."

Mama alikuwa amelala, mkono umefungwa mkubwa kama kabichi. "Sista," alisema, "mwezi huu hujanipa."

"Unasema nini?"

"Umesahau. Mwezi umeisha juzi."

"Na wakija tena?"

"Panga lile lilikuwapo kabla yako. Muulize mke wake. Watakuja hata nikiwa na njaa, na mimi afadhali waje nimeshiba." Halafu akacheka, akashika ubavu kwa sababu kucheka kulimuuma. Sista naye akacheka akiwa bado analia. Noti ilitoka mfukoni, na mama aliipokea kwa mkono uliobaki.

Kabla hatujaondoka Sista aliniita kando akanipa noti nyingine, ndogo. "Hii ni yako, si ya mama. Usiniambie." Barabara yote nilikuwa nimeshaivaa. Nilijua nitanunua raba, raba nyeupe za kamba, na niliwaona wanafunzi wa darasa langu wakitazama miguu yangu. Niliificha kwenye pindo la gauni, nikalala nayo.

Baba mdogo alifungwa. Mama mdogo akabaki na watoto, mkono wake ukining'inia shingoni kwa kipande cha lile blanketi jekundu, hakuwa na kitambaa kingine. Ukoo ulimsusa. Hakuna aliyemsaidia kuchuma pareto, ikakauka na kuwa nyeusi shambani. Mama yangu alitaka kumsaidia, lakini siku hizo mama mwenyewe alikuwa analishwa. Wanawake wa kanisa walikwenda mara moja wakampelekea gauni na unga. Niliwapita nikitoka mtoni, mlango uko wazi.

"Mwanamke hamwitii mume wake ukunga, mama," mmoja alikuwa akimwambia. "Ungevumilia. Sasa ona."

"Ndiyo, asanteni," mama mdogo alisema.

"Na hilo gauni ulivae Sabato, tukuone."

"Ndiyo, asanteni."

Siku ya pili, mchana, nilimwona akishuka mtoni na watoto wake, mkubwa amebeba mtungi. Mama alikuwa amelala. Nilishuka kupitia visiki vya migomba, ambavyo vilikuwa vimeshaanza kutoa machipukizi ya kijani, nikapita kwenye lile jiwe. Lilikuwa kavu, na kuku alikuwa amesimama juu yake. Niliingia jikoni kwa mama mdogo. Moto ulikuwa umezimwa kwa kufunikwa majivu, na lile gauni la kanisa lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni. Nilifungua chungu cha wimbi. Kilikuwa karibu kitupu. Nilitoa noti kwenye pindo, nikainyoosha juu ya goti mpaka ikalala, nikaiweka juu ya wimbi mahali ambapo angeiona kabla ya kuchota, nikafunika chungu, nikatoka.